Nafuu ya Django ina mtego wake

Tangu Django toleo la 1.7 litoke mwaka 2014, makampuni mengi yameiachia programu hiyo iandike yenyewe amri za SQL za kubadili majedwali. Ni nafuu, ila fundi hujaribu kazi yake kwenye SQLite, ambayo huruhusu safu ya maandishi marefu iwekewe sharti la kutorudiwa. Kwenye biashara yenyewe, MySQL huikataa amri hiyohiyo kwa kosa namba 1170: inadai urefu wa ufunguo. Baya zaidi, mabadiliko yaliyokwisha kupita hayarudi nyuma, tofauti na PostgreSQL. Majedwali hubaki nusu mapya, nusu ya zamani, na ankara huenda zisitoke.

Dawa si ghali: safu ipewe ukomo wa herufi, amri ijaribiwe kwanza kwenye nakala ya MySQL. Mwenye mali alidai hilo kabla ya kulipa. Mafundi wengi (wasiudhike) hawatalileta wenyewe.