Jua Lisiwe Kama Dhahabu



Wako watu wakisikia kwamba wataalamu wataka kuzalisha umeme wa jua huko angani na kuuleta ardhini, hucheka wakasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Kicheko hicho kimekwisha kutuponza zamani, na kitatuponza tena.

Jambo lenyewe si hadithi. Mwaka 1968 Peter Glaser wa Marekani alieleza namna yake: mitambo iwekwe juu ya Ikweta, karibu kilomita 36,000 kwenda juu, ambako hakuna mawingu na giza ni nadra, umeme wake ugeuzwe mawimbi, nayo yakifika ardhini yageuzwe umeme tena. Mwaka 2023 wataalamu wa Caltech, huko California, walituma nishati kutoka chombo chao cha angani, ikatambulikana ardhini. Ilikuwa kidogo mno, na gharama bado ni kubwa. Lakini mlango umefunguliwa.

Sasa tazama Shinyanga. Mwaka 2017 serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia ya dhahabu bandarini Dar es Salaam, yatokayo migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Ni miaka mingapi mizigo kama hiyo, ilipita mbele ya macho yetu watu wa pwani, tusiulize kilichomo? Mikataba tulianza kuisoma baada ya shimo kuchimbwa.

Jua halijawa hivyo. Mama wa Kisukuma huanika mtama wake, nasi twaanika mbata na ng'onda, bila ya kumlipa mtu. Lakini nishati ya angani itakuwa na mwenyewe, na ufunguo utakuwa mkononi mwake. Tumefundishwa kwamba maji, malisho na moto ni vya watu wote. Je, moto utokao angani utakuwa wa nani?

Mwaka 1976, huko Bogotá, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizodai haki ya anga hiyo iliyo juu ya Ikweta. Hazikukubaliwa. Adaiye bila ya elimu ni kama aombaye.

Basi yatupasa mawili. Kwanza, tulitumie jua lililo mikononi mwetu: mkataba wa mtambo wa jua wa megawati 50 wa TANESCO huko Kishapu, wilaya ile ile ya almasi ya Mwadui, ulitiwa saini mwaka 2023. Pili, tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike, fizikia na sheria. Nawe mzazi uonaye harusi ya siku tatu ni nyepesi kuliko ada ya mwaka mmoja, jiulize wewe ni miongoni mwa nani.

Dhahabu ilipoondoka tulikuwa tumelala. Jua je, nalo litwaliwe mchana twatazama?