Baada ya Upasuaji wa Ubongo, Nani Humwangalia Mgonjwa?

Dunia inaijua Nariokotome kwa sababu ya mifupa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliokota hapo, magharibi mwa Ziwa Turkana, kipande cha fuvu la kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita. Wataalamu wakaukadiria hata ubongo wake: takriban sentimita za ujazo 880. Bidii hiyo ya kuuchunguza ubongo wanaistahili pia wakazi wa Turkana walio hai, hasa wenye uvimbe ubongoni.

Uvimbe ukiota sehemu ya mbele ya ubongo, huweza kubadili tabia kabla kichwa hakijauma. Mfugaji mpole huwa mkali. Mama anayewajua mbuzi wake wote kwa rangi na alama huanza kuwasahau. Nyumbani watasema ni uvivu, laana au wazimu, na huenda wakamwita kwanza emuron, yaani mganga wa jadi wa Waturkana. Tusiwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza. Dawa nazo zina madhara yake. Deksamethasoni, inayopunguza maji yanayojaa kandokando ya uvimbe, inaweza kumnyima mgonjwa usingizi na kuvuruga hisia zake. Levetirasetamu, ya kuzuia kifafa, huwatia baadhi ya wagonjwa hasira au huzuni nzito. Mke asiyeambiwa hayo hudhani mumewe amemchukia.

Agosti 2015 Wakenya walimchangia Emmanuel Otieno, mwanafunzi aliyejulikana kama Jadudi, zaidi ya shilingi milioni 6 akafanyiwe upasuaji wa ubongo India. Alifariki 2017. Ulikuwa ukarimu wa kujivunia. Hata hivyo, michango yetu hadi leo huhesabu tiketi, kitanda na daktari wa upasuaji. Anayekesha na mgonjwa aliyesahau jina la mwanawe hatengewi kitu.

Katika Kaunti ya Turkana pengo hilo ni pana zaidi. Kutoka Lodwar hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ni zaidi ya kilomita 300. Na Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, imejaa watu waliofiwa vitani: mtu akinyamaza siku nzima, ni rahisi kudhani ni majonzi tu, kumbe kuna uvimbe.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kuuliza: tabia imebadilika? Anasahau? Kichwa humuuma asubuhi na hutapika? Amepata kifafa ukubwani kwa mara ya kwanza? Kaunti nayo imweke Lodwar muuguzi wa afya ya akili wa kuwafuatilia waliopasuliwa, kwa simu na kwa Kiturkana, na kuzungumza na jamaa zao pia. Mshahara wake uingizwe katika bajeti ijayo.