Bwana shamba afundishwe kusema

Na Rehema Mwakalinga

Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu ilikuwa kwenye mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Miaka 12 kabla ya hapo Kenya ilikuwa imezika watu 125 kwa sumu hiyohiyo, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kinga yake wataalamu walikuwa wanaijua siku nyingi: mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasiguse udongo, wala yasiingie ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Lakini hiyo asilimia 13.5 ataipimaje mama aliyeanika mahindi uani? Swali hilo ndilo kazi ya ugani, na naona vyuo vyetu havijalipa uzito wake.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinatoa shahada ya ugani, na nadharia za namna maarifa mapya yanavyoenea vijijini ni sehemu ya msingi ya fani hiyo duniani kote. Ni elimu nzuri. Ila kijana anaisoma kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha anapangiwa kata ambako atashinda kutwa bila kuhitaji sentensi hata moja ya Kiingereza. Somo la mawasiliano, angalau hilo, lifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili.

Tazama jinsi chupa ya soda inavyoweza kumsaidia yule mama. Ikaushwe vizuri, itiwe mahindi hadi theluthi, iongezwe kijiko cha chumvi kavu, izibwe na kutikiswa, kisha iachwe itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Kipimo hiki hakitaji asilimia, na chumvi isiponata haithibitishi kuwa unyevu umeshuka hadi 13.5, lakini mama anakiona kwa macho yake na kesho atamwonyesha jirani. Kuutoa unyevu kitabuni na kuutia ndani ya chupa ni utaalamu kamili, unaotaka mazoezi na kusahihishwa kama hesabu.

Wapo watakaosema vitabu vya fani hii ni vya Kiingereza. Viendelee kusomwa, ninachodai ni kwamba aliyevisoma apimwe kwa lugha atakayofanyia kazi. Wengine watauliza habari za mzee wa Kigogo au Kirangi ambaye Kiswahili hakimkai vizuri, na hoja hiyo ni nzito kuliko ya kwanza. Lakini afisa aliyezoea kulitafuta neno la mkulima atauliza ukungu unaitwaje hapo kijijini kabla hajaanza kufundisha. Aliyekariri istilahi hatajua hata kwamba kuna la kuuliza. Na wanaosema simu imemaliza kazi ya bwana shamba wakumbuke kuwa ujumbe wa simu nao una mwandishi, na akiandika “punguza unyevu” basi, hajamsaidia mtu.

Gharama yake ni ndogo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apelekwe Mlali, karibu tu na chuo, akiwa na chupa, chumvi na debe la mahindi. Apewe dakika 10 mbele ya wakulima. Akimaliza, mmoja wao ashike chupa na kurudia kipimo bila kuelekezwa, na mwalimu atoe alama kwa kutazama mikono ya huyo mkulima.