AFYA YA JAMAA: Mtoto wa SS Hakurogwa

Bila shaka mmeliona jambo hili hapa Goma. Mtoto alia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yake ni ya manjano, damu yampungukia mara kwa mara. Upesi watu wa ukoo huanza kunong'ona: «Mama yake alileta damu mbaya», au «Jirani amemroga». Maneno hayo huvunja ndoa, tena humchelewesha mtoto kufika hospitali. Basi tuyachunguze.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi huuita SS. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo, nazo huishi siku 120 hivi. Za mgonjwa hujikunja mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa myembamba. Tena huishi siku 10 hadi 20 tu.

Watoka wapi? Katika urithi. Padre Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino, alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, na mwaka 1866 maandiko yake yalichapishwa. Kwa kazi hiyo twajua kwamba kila mzazi humpa mtoto nusu ya urithi wake. Baba akiwa AS, na mama AS, wao wenyewe kwa kawaida hawaugui. Lakini katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto wa SS. Baba ametoa nusu, mama nusu: nani basi atamnyoshea mwenzake kidole? Wala si laana. Mwaka 1954 mganga A. C. Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu urithi huu umeenea katika nchi zetu.

Sasa tutazame chungu. Ili mwili uzae chembe mpya mahali pa zile zinazokufa upesi, wahitaji folati, vitamini ya majani mabichi, maharagwe na maini. Jina lake latokana na neno la Kilatini «folium», yaani jani. Mtoto wa SS huimaliza upesi kuliko ndugu zake, ingawa wala sahani moja. Kwa hiyo waganga humwandikia vidonge vya asidi foliki. Iko tofauti nyingine ya urithi, iitwayo MTHFR, ambayo hupunguza folati katika damu. Hiyo ni ya kawaida zaidi Ulaya na Meksiko kuliko kwetu.

Akina mama, lengalenga zipikwe kwa muda mfupi na maji machache, wala mchuzi usimwagwe, maana folati huharibiwa na moto na huyeyuka majini. Maharagwe ya Masisi na Rutshuru yasikose mezani. Lakini chakula hakiondoi ugonjwa. Mtoto apewe vidonge vyake, anywe maji mengi, avae sweta wakati wa baridi, alale ndani ya chandarua. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ile ile.

Nanyi wachumba, pimeni damu kabla ya kutangaza ndoa. Kujua si kuvunja upendo. Ni kujitayarisha kwa macho wazi.

Mtoto wa SS ni amana ya Mungu mikononi mwa wazazi wawili. Wamlee wote wawili.