Kiswahili Kishike Bisibisi

Elimu bila amali, wasemavyo wahenga, ni kama nta bila asali. Kauli hii yafaa kuwa kipimo cha kazi iliyokwisha kufanywa katika uundaji wa istilahi za kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Nchini Kenya, mjadala baina ya wapenzi wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta umejaza kurasa nyingi. Juhudi hizo zastahili pongezi. Hata hivyo, istilahi nyingi zilizozaliwa ni majina ya vitu anavyoviona mtu aliyeketi mbele ya kiwambo: kipanya, faili, dirisha, kiungo. Mtu aliyepiga magoti nyuma ya mashine, bisibisi mkononi, amesahauliwa.

Hali ya Nyaramba, katika nyanda za majani chai za Kaunti ya Nyamira, yaweza kulidhihirisha jambo hili. Katika mazingira kama hayo, kijana aliyemaliza kidato cha nne aweza kujifunza ufundi kwa kumtazama fundi. Ekegusii ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili humkutanisha na fundi aliyetoka kwingine. Kijitabu cha mashine kimeandikwa kwa Kiingereza. Siku atakapotakiwa kufunga kipoza cha kichakataji katika seva ya shule, lugha tatu zitakutana juu ya kifaa kimoja, na alama za wanafunzi zilizohifadhiwa humo zitategemea alivyoelewa.

Kifaa chenyewe, ambacho mafundi wengi hukiita hitisinki, ni kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba. Kichakataji cha seva chaweza kutumia umeme wa wati 100 hadi 300 na zaidi, na karibu umeme huo wote hugeuka joto. Kipoza hulipokea joto hilo, kikalitandaza kwenye mapezi, nao upepo wa feni ukalichukua. Kisipokaa sawasawa, kichakataji hujipunguzia kasi, na joto likizidi mno mashine hujizima.

Mfasiri wa neno kwa neno angekiita kifaa hiki sinki la joto, naye msikilizaji angefikiria mahali pa kuoshea vyombo. Ilhali katika gereji fundi wa magari ana rejeta yenye mapezi na feni, na gari likipata joto kupita kiasi husema limechemsha. Kanuni ni ile ile. Anayetafuta istilahi angeanza gerejini kabla ya kufungua kamusi.

Kazi yenyewe yaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Zima seva, chomoa nyaya za umeme, kisha vaa mkanda wa mkononi unaoondoa umeme tuli mwilini. Legeza parafujo za kipoza cha zamani kwa zamu. Usikivute kwa nguvu. Futa mabaki ya pesti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilichotiwa spiriti safi. Paka pesti mpya, utando mwembamba tu, kwani kazi yake ni kujaza mianya ya hewa isiyoonekana kwa macho. Ikiwa kipoza kipya kimekuja na pesti yake, usiongeze nyingine. Ikiwa kina utando wa nailoni, ubandue. Kiteremshe wima, mapezi yakifuata njia ya upepo utokao mbele kwenda nyuma ya kasha. Kaza parafujo kidogo kidogo kwa kukatisha pembe, moja kisha iliyo mkabala nayo, ili kipoza kisiegemee upande mmoja. Kama kina feni yake, chomeka waya wake kabla ya kuwasha mashine.

Katika maelezo hayo, mzigo umebebwa na vitenzi, navyo vyote ni vya zamani: legeza, futa, paka, teremsha, kaza. Aidha, Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kila mwanafunzi wa sarufi ameikariri: bandika na bandua, chomeka na chomoa, funga na fungua. Lugha iliyo na mzizi mmoja wa kuunganisha na kutenganisha imejiandaa kwa karakana kabla ya karakana kujengwa. Tatizo, basi, haliko katika uwezo wa lugha. Liko katika mazoea ya kuhesabu istilahi kama orodha za nomino, bila kuandika matini zinazozifanyia kazi nomino hizo.

Matini za wenyeji zingekuwa na faida nyingine. Nyamira imeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya milimani hubeba joto kidogo kuliko hewa ya pwani. Watengenezaji wengi wa seva hupunguza kiwango cha joto la chumba kinachoruhusiwa kadiri mwinuko unavyoongezeka. Onyo hilo aghalabu hufichwa katika jedwali la mwisho wa kijitabu. Mwandishi anayemwandikia fundi wa Nyaramba angeliweka mwanzoni.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya mashine, na kwamba fundi asiyekijua hatafika mbali. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani vipuri na vijitabu vitaendelea kuja na Kiingereza chao. Lakini kujua jina la kifaa kwa Kiingereza si sawa na kuelewa kwa nini parafujo hukazwa kwa kukatisha pembe. Jina hukaririwa, sababu huelezwa, na maelezo huingia vyema kwa lugha ambayo msikilizaji aweza kuitumia kuuliza swali. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi haikukiwekea mpaka kwenye mlango wa karakana.

Sajili za mahakamani, hospitalini na sokoni zimechambuliwa katika tasnifu nyingi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingefanya jema kuigeukia karakana: kila tawi liketi na fundi mmoja kila mwaka, liandike matini moja ya kazi yake, kisha limpe kijana asiyewahi kuifanya kazi hiyo aifuate hatua kwa hatua, fundi akiwa kando. Mahali atakapokwama, hapo ndipo pa kusahihisha. Matini ya namna hiyo haihitaji jopo la wahakiki. Seva ikiwaka na kukaa bila kuchemsha, Kiswahili kitakuwa kimefaulu.