Kisa Kisicho na Kisa

Tangu tulipotangaza kwamba toleo hili litashughulika na simulizi pendwa, yaani riwaya za mfukoni, tamthilia za televisheni, filamu za majumbani na michezo ya kompyuta, makala na barua zilizotufikia zimegawanyika mafungu mawili, na mafungu yote mawili, pamoja na heshima niliyo nayo kwa walioyaandika, yamenikera. Fungu la kwanza lashikilia kwamba simulizi hizi ni mbovu kwa kuwa zinaharibu maadili na kubomoa lugha; fungu la pili lajibu kwamba ni nzuri kwa kuwa zinapendwa na umma, na kwamba azikosoaye ni mtu wa vyuo aliyejitenga na watu. Nimesoma kurasa zaidi ya mia za hoja na majibu ya hoja, na katika hizo zote kwa nadra mno nilikutana na swali ambalo mtoto humwuliza bibi yake kila usiku asimuliwapo hadithi, nalo ni hili: kwa nini?

Lugha yetu ilikwisha kulijibu swali hili kabla ya sisi wahakiki kuzaliwa. Neno kisa tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni hadithi. Lakini Waswahili walipolipokea waliliongezea maana ya pili, hata mtu akisema leo kwamba majirani wamegombana, kisa mbuzi aliyekula mchicha, hapana msikilizaji anayedhani kwamba mbuzi ndiye hadithi, bali kila mmoja afahamu kwamba mbuzi ndiye sababu. Watu waliokaa na neno hilo dahari na dahari, wakilitumia barazani, sokoni na mbele ya kadhi, waliona kwamba hadithi na sababu hazitengani, na kwamba mtu awezaye kukutajia matukio kumi lakini asiweze kukuonyesha la nne lilivyozaliwa na la tatu, huyo hajasimulia, amehesabu tu. Huo ndio msimamo wangu katika toleo hili, na msomaji atakayeuona ukijipenyeza hata katika mpangilio wa makala asishangae, maana nimeupenyeza kwa makusudi.

Tumtazame Abunuwasi na sufuria yake, hadithi ambayo sote tuliisikia kabla ya kujua kusoma. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kijisufuria, akasema kwamba imezaa, na jirani akapokea vyote viwili kwa furaha wala asiulize neno. Akaiazima mara ya pili, siku zikapita, na jirani alipokuja kuidai akapewa rambirambi, kwamba sufuria imefariki. Hadithi nzima yaweza kusimuliwa chai ikichemka, ilhali hamna ndani yake kitu ambacho ukikiondoa vingine vitabaki vimesimama. Kiondoe kijisufuria, na Abunuwasi atakuwa mwizi wa kawaida. Iondoe furaha ya jirani, na hukumu ya mwisho haitamfunga, kwa sababu kilichomfunga si hila ya Abunuwasi peke yake bali ni tamaa yake mwenyewe, iliyomfanya akubali kwamba chombo cha shaba huzaa, na aliyekubali uzazi hana pa kukimbilia ajapo mauti. Hakuna mjomba aliyerudi kutoka ng'ambo kuja kuliamua shauri hili, wala hakuna aliyegongwa na gari.

Gari nalitaja kwa sababu limenichosha. Katika filamu moja niliyoitazama mwaka huu kwa ajili ya toleo hili, binti ahitaji fedha za upasuaji wa baba yake. Atoka nyumbani akilia, agongwa na gari. Mwenye gari ni tajiri, amchukua hospitali. Hospitalini yabainika kwamba tajiri ni ndugu wa yule mgonjwa, waliopoteana miaka ishirini. Na fedha zapatikana. Nilihesabu matukio makubwa saba, nikaona ni moja tu lililozaliwa na lililotangulia, nayo ni yale machozi. Na asiniambie mtu kwamba muda haukutosha, maana kazi hiyo iligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa desturi ile ya wachuuzi wa filamu za Dar es Salaam ambao walijua kwamba sahani mbili zina bei mbili, na muda uliopatikana kwa mgawanyo huo ulitumika kutuonyesha geti likifunguliwa, gari likiingia taratibu, mlinzi akisalimu, geti likifungwa, na mwenye nyumba akipanda ngazi moja moja mpaka mlangoni, mara nne kwa siku nne tofauti. Mtunzi alikuwa na wasaa wa kutufungulia geti mara nne, lakini hakuwa na wasaa hata wa dakika moja wa kutueleza ndugu wawili walikosania nini hata wakapoteana.

Wako watakaoniambia kwamba hekaya za kale zimejaa sadfa, na kwamba majaaliwa ni sehemu ya itikadi yetu. Ni kweli, nami siikanushi kudura. Lakini msimulizi wa kale aghalabu aliiweka mwanzoni, ikamtupa kijana katika kisiwa asichokijua, na tangu hapo kijana akawa hana budi kujitoa kwa akili yake, kwa subira yake au kwa ujinga wake. Sadfa ikiwa mwanzoni humtia mtu mashakani. Ikiwa mwishoni humtoa mtunzi mashakani, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ambayo ningependa wahakiki wetu waifundishe kabla ya kufundisha tamathali za usemi. Muhammed Said Abdulla aliielewa vema. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapwa 1960, maiti yaonekana mahali pa mzimu, na watu wanayo sababu iliyo tayari midomoni, sababu iwezayo kueleza kifo chochote cha mtu yeyote. Basi kazi yote ya mpelelezi Bwana Msa, akivuta kiko chake, ni kuikataa sababu ielezayo kila kitu na kuitafuta ile ielezayo kifo hiki kimoja. Abdulla naye ana taksiri zake, kwa kuwa nasaba zilizofichika zinarudi katika vitabu vyake mara nyingi kuliko nipendavyo, lakini hata hizo hujitahidi kuzipanda mapema ili zimee machoni petu.

Kwa wale ndugu zangu wa maadili nina neno moja tu, nalo ni zito. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka 1971 na baadaye kuzuiwa shuleni, waliotaka izuiwe waliyatazama matendo ya Rosa, wasiutazame mkono wa Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana na kumjaza hofu ya wanaume pahali pa maarifa. Na hali kitabu kile, kuanzia barua hiyo hata kaburini, ni mnyororo ambao sijapata kuiona pete yake iliyokatika. Kukisoma kwa kuhesabu madhambi ni kukisoma bila kisa chake, na aliyekisoma hivyo amekosa hata hilo adili alilokuwa akilitafuta. Kinyume chake tunao mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza katika Radio Tanzania 1993 kwa makusudi yaliyo wazi ya kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, makusudi ambayo kwa desturi huua hadithi. Huu haukufa. Mkwaju, dereva wa lori, hakupata maradhi kwa kuwa mtunzi alihitaji kuonya. Aliyapata kwa yale ambayo wasikilizaji walimsikia akiyatenda juma baada ya juma, kituo baada ya kituo cha njia yake, huku mkewe Tunu akibaki na watoto na kujifunza polepole kujitegemea. Watafiti waliufuatilia mchezo huo kwa namna ya pekee, kwa kuliacha eneo la mtambo wa Dodoma bila matangazo yake kwa miaka miwili ili wapate kulinganisha, wakaona kwamba mahali uliposikika watu waliokubali uzazi wa mpango waliongezeka zaidi. Mimi naamini kwamba Mkwaju aliaminiwa kwa sababu aliandikwa na mtu aliyejua kisa.

Na kwa wale wanaosema kwamba umma ukipenda mhakiki anyamaze, nawakaribisha katika kibanda cha video. Nilikuwa nikienda katika kimoja, cha mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, gunia jeusi mlangoni kuzuia mwanga, na filamu ya Kihongkong ikinguruma. Na juu ya mngurumo ule sauti ya mfasiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyevuma Dar es Salaam kwa lakabu ya Lufufu, aliifanya kazi hiyo kuwa fani, kama alivyofanya DJ Afro huko Kenya, na wasomi wameisifu kwa vichekesho vyake na kwa jinsi inavyowapa wageni majina ya kwetu. Jambo nililolishuhudia mimi ni jingine. Mtu mwenye upanga alipoingia nyumbani mwa mwenzake bila filamu kutuambia kitu, mfasiri wetu alisimama kidogo, kisha akasema kwamba huyu ni yule ambaye shamba la baba yake lilichukuliwa, na tangu utotoni ameapa. Na kibanda kizima kikashusha pumzi. Habari hiyo haikuwamo katika filamu. Aliitunga papo hapo, kwa kuwa alijua kwamba watu waliolipa kiingilio hawangevumilia upanga usio na kisa. Umma huo ndio mnaouita usiojali ufundi.

Makala zilizomo nitazitaja kwa ufupi. Ile ya Willy Gamba na majasusi wa Elvis Musiba imefanyiwa utafiti wa kutosha, ijapokuwa yasifia kasi pasipo kupima kasi hiyo imetoka wapi. Ile ya hadithi zinazouzwa kipande kipande kwa simu, msomaji akilipa ndipo apate sehemu ya pili, ni ya kusomwa na kila mtunzi kijana, hasa pale inapoonyesha jinsi taharuki ya kila jioni inavyomkopesha mwandishi asichoweza kulipa ifikapo sehemu ya sitini. Uchambuzi wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili ni mfupi na ni mzuri.

Makala ya michezo ya kompyuta nimeipa kurasa nyingi kuliko walivyotaka wenzangu katika bodi, kwa kuwa huko mchezaji ndiye sababu: mlango haukufunguka ila kwa mkono wake. Mwandishi ameuchagua mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, uliotoka Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeubuni kutokana na msiba wa baba yake, nao wachezwa hata kwa sauti za Kiswahili. Zau amwendea Kalunga, mungu wa mauti, aafikiane naye: amletee roho tatu kuu, naye amrudishie baba. Mapatano hayo ni kisa kamili, na kila roho ni hatua ya huzuni. Bali mapigano mengi yaliyo katikati, kwa maoni yangu, yangeweza kuhamishwa kutoka bonde hili hadi lile pasipo kisa kutikisika, na mwandishi wetu amekuwa mpole mno hapo. Wachezaji wenyewe si wapole: Mass Effect ya tatu ilipotoka 2012, waliokuwa wakiamua mambo tangu ile ya kwanza ya 2007 wakaona maamuzi yao hayakuzaa mwisho walioonyeshwa, walilalamika hata watengenezaji wakatoa mwisho ulioongezwa mwaka huo huo.

Barua moja, ya mzee wa Tanga, nimeiweka ukurasa wa mwisho bila kupunguza neno. Anipinga, asema maisha yenyewe ni sadfa, na ushahidi wake ni kwamba alimpata mkewe kwa kuwa basi liliwaharibikia njiani karibu na Segera, wakashinda juani kutwa wakigawana chungwa moja. Nimeisoma mara tatu. Basi lile laharibika katika mstari wake wa pili, na kurasa nne zilizobaki zasimulia jinsi alivyorudi kumtafuta, alivyokataliwa na wakwe, alivyofanya kazi mkongeni misimu miwili apate mahari, na wao wawili walivyosuluhishana kila walipokosana, miaka thelathini na minane.