Fundi wa Nyumbani: Plagi ni Ulimi wa Waya

Kila sikukuu inapokaribia, iwe Tarehe Sita ya mwezi wa Februari, iwe Uhuru wa tarehe 9 Oktoba, au arusi ya mwenzetu mmoja katika laini za polisi, swali ninaloulizwa huwa ni lile lile. Amplifaya ni moja, matundu yake ya kutolea sauti ni mawili tu, na spika ni nne. Je, waya mmoja utagawanywaje ili ulishe spika mbili? Na plagi ya namna moja itaunganishwaje na tundu la namna nyingine?

Jibu lake si gumu. Kigawanyio cha waya wa spika ni kazi ya saa moja kwa mtu mwenye subira, koleo na chuma cha kulehemu. Lakini kabla sijaeleza namna ya kukitengeneza, hapana budi niungame kosa langu mwenyewe, kwa maana aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ong'o hushtuka.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya serikali, nilikabidhiwa matayarisho ya muziki kwa ajili ya sherehe moja ya kambini. Spika zilikuwa mali ya chama cha akina mama, wake wa askari, waliozinunua kwa michango yao ya kila mwezi ili wazikodishe na kujipatia chochote. Plagi maalumu za spika niliziona ghali, nami nilitaka kusifiwa kwa kubana matumizi. Nikanunua plagi za kawaida za pini tatu, zile za pasi na birika, nikazifunga kwenye nyaya za spika. Kisha nikachukua ekstensheni yenye matundu manne, nikaifanya kigawanyio. Usiku ule sauti ilitoka safi kabisa, nami nikapongezwa.

Kesho yake asubuhi mtoto wa koplo mmoja, mwenye umri wa miaka 12, alitumwa kupanga vyombo kwa mara ya pili. Aliona plagi yenye pini tatu, akaona ukuta wenye matundu matatu. Akafanya kile ambacho kila mtoto amefundishwa nyumbani: akachomeka. Umeme wa volti 240 ukaingia katika spika ya omu 8, na huo ni mkondo wa karibu ampea 30. Spika ilinguruma kama simba, ikatoa moshi, ikanyamaza milele.

Mtoto hakuguswa. Hata hivyo, juu ya meza palikuwa na waya mwingine niliouunda kwa mikono yangu, wenye pini pande zote mbili. Laiti angeuchukua ule, upande mmoja ukutani na upande wa pili kiganjani mwake, leo nisingekuwa na uso wa kuandika habari hizi. Mama yake hakunigombeza. Alinitazama tu, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao. Spika ya akina mama niliilipa kwa mshahara wangu kwa muda wa miezi minne. Deni la mtazamo ule sijalimaliza.

Funzo nililolipata ni hili: plagi ni ulimi wa waya. Ndiyo inayomwambia mtu kilichomo ndani. Plagi inayosema kwamba hapa ni umeme wa nyumbani, na kumbe ni waya wa spika, inasema uongo. Na uongo wa umeme hulipwa kwa moto au kwa roho ya mtu. Basi sheria ya kwanza ya kila kifaa cha kujitengenezea ni kwamba kisiweze kabisa kuingia mahali pasipo pake.

Sasa tuchague plagi. Iliyo bora kwa spika ni ile iitwayo Speakon, iliyoletwa na kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein katika miaka ya 1980 kwa sababu ya hatari za namna hii. Huingia kwa kuzungushwa na kujifunga, wala haiingii ukutani. Ile ya kawaida ina nguzo nne, zilizoandikwa 1+, 1−, 2+ na 2−. Kwa spika za kawaida tunatumia 1+ na 1− peke yake. Ya pili ni jaki ya robo inchi, ambayo ncha yake ni chanya na shina lake ni hasi. Hiyo inafaa kwa vyombo vidogo, ila ina kasoro moja: wakati wa kuichomeka au kuichomoa, ncha na shina huweza kugusanishwa, na shoti ikatokea. Kwa hiyo amplifaya izimwe kwanza, kila mara. Plagi za XLR tuziachie maikrofoni. Ukizitumia kwa spika, ipo siku mtu atapeleka nguvu ya amplifaya ndani ya mikisa na kuiunguza. Amplifaya inayotoa wati 500 katika omu 4 husukuma volti zipatazo 45 na ampea 11. Huo si mchezo.

Jambo la pili ni hesabu ya omu, maana kigawanyio hakigawi bure. Fikiri pipa la maji lenye bomba moja. Ukilitoboa na kutia bomba la pili lililo sawa na la kwanza, maji yatatoka maradufu, na anayelijaza pipa hilo itambidi akimbie maradufu. Amplifaya ndiye mjazaji. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa omu 2. Ya omu 8 pamoja na ya omu 4 hufanya omu 2.7 hivi. Nne za omu 8 huwa omu 2. Tazama mgongoni mwa amplifaya, usome kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwa kila upande. Kama ni omu 4, basi mwisho wako ni spika mbili za omu 8 kwa kila upande, na hapo spika zako nne zimetosheka. Ya tano haitaongeza raha, italeta moshi.

Tatu, unene wa waya. Waya wa gitaa au wa maikrofoni usitumike kwa spika, kwa kuwa moyo wake ni mwembamba kama unywele, nao hupata joto. Twaa waya laini wa shaba wenye nyuzi nyingi, wa milimita mraba 2.5. Kwa umbali wa mita 20, kwenda na kurudi, waya huo una ukinzani wa karibu omu 0.28, na kwa mzigo wa omu 4 utapoteza kama asilimia 6 ya nguvu. Waya wa milimita mraba 0.75 kwa umbali huo huo una karibu omu 0.92, nao utapoteza karibu asilimia 19. Yaani karibu moja ya tano ya nguvu uliyoinunua inapasha joto nyasi za uwanjani.

Kabla hujanunua chochote, geuza spika yako utazame mgongo wake. Spika nyingi zina matundu mawili yaliyokwisha kuungwa sambamba ndani. Kama ndivyo, kigawanyio hukihitaji. Toa waya katika spika ya kwanza uupeleke katika ya pili. Tazama pia kama spika ina waya wake wa umeme. Siku hizi nyingi zina amplifaya ndani yake, na hizo hazipelekewi kamwe waya utokao katika amplifaya nyingine.

Ikiwa kigawanyio kinahitajika, fanya hivi. Tafuta kisanduku kigumu cha plastiki. Toboa matundu matatu na ufunge soketi tatu za Speakon: moja ya kuingilia, mbili za kutokea. Kata vipande vya waya mwekundu na mweusi vya unene uliotajwa. Unga 1+ ya kuingilia na 1+ za kutokea zote mbili kwa waya mwekundu. Unga 1− zote tatu kwa waya mweusi. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, pasipo kuvuka. Ukivusha, spika moja itasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi itatoweka kana kwamba imeibwa.

Unapolehemu, pasha moto chuma na waya kwanza, ndipo uguse lehemu. Ikitiririka na kung'aa, imeshika. Ikisimama kama tone la uji uliopoa, rudia. Vika kila kiungo kimirija cha plastiki kinachosinyaa kwa joto, au utepe wa umeme uliozungushwa vizuri. Kwa adapta ya kutoka jaki hadi Speakon kazi ni hiyo hiyo: ncha ya jaki iende 1+, shina liende 1−. Kaza kibano cha plagi kishike ganda la waya, ili mtu akijikwaa, mvuto usiangukie viungo ulivyolehemu.

Kisha pima. Chukua mita, uiweke katika omu, kabla ya kuunganisha spika yoyote. Kati ya 1+ zote isome sifuri au karibu yake. Vivyo hivyo kati ya 1− zote. Kati ya 1+ na 1− isisome kitu chochote. Ikisoma sifuri hapo, kuna shoti, fungua utazame. Halafu unga spika moja ya omu 8: mita itasoma kama omu 6, nayo ni sawa, kwani mita hupima waya wa ndani peke yake, wala si spika inayofanya kazi. Unga ya pili, na itasoma kama omu 3. Kujua chanya na hasi za spika isiyo na alama, iondoe kwanza katika kasha, gusa waya zake kwa betri ya volti 1.5 kwa nukta moja. Karatasi ikichupa mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

La mwisho, na tafadhali mlisome kwa sauti nyumbani: kigawanyio hutoka kwa amplifaya moja kwenda kwa spika mbili. Kisigeuzwe kuunganisha amplifaya mbili kwa spika moja, maana zitapigana hadi moja iungue. Andika juu ya kisanduku kwa wino usiofutika: SPIKA TU, OMU 8 MBILI. Mtoto atakayetumwa kesho hatakuwa amesoma makala hii, lakini atasoma kisanduku.

Ekstensheni yangu ile ya matundu manne niliikata vipande siku ile ile, pamoja na nyaya zake zote. Kama unayo ya namna hiyo chini ya kitanda, ndugu yangu, ikate leo jioni kabla ya chakula. Bei ya plagi ya kweli utaisahau kwa mwezi mmoja.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama namna ya kukunja na kutunza nyaya ili zidumu. Kwaherini.